Ufuatiliaji wa Usalama wa Dawa: Shaka Inatosha

Neno pharmacovigilance ni la Wafaransa. Waliliunda wanafamakolojia wao katikati ya miaka ya 1970, wakaunganisha Kigiriki na Kilatini. Pharmakon kwa Wagiriki wa kale ilikuwa dawa, na ilikuwa sumu vilevile, jambo ambalo Mswahili haelezwi mara mbili, kwa kuwa kwetu kuna dawa ya kikohozi na kuna dawa ya panya. Vigilare ni kukesha, kukaa macho. Kwa hiyo istilahi yenyewe inamaanisha kuikeshea dawa hata baada ya kuruhusiwa sokoni.

Kiswahili cha wizara za afya na mamlaka za dawa kimeiita "ufuatiliaji wa usalama wa dawa". Ni tafsiri ndefu, lakini inaeleweka na mgonjwa kama inavyoeleweka na mfamasia, nami sioni sababu ya kuiacha tukakimbilia "famakovijilansi". Nina shaka na kitu kimoja tu: haisemi ni wakati gani mtu anapaswa kutoa taarifa. Sheria ya Ufaransa inalisema hilo bila kuzunguka. Daktari, daktari wa meno, mkunga au mfamasia anatakiwa kutoa taarifa mara moja juu ya kila dhara linaloshukiwa kutokana na dawa. Linaloshukiwa, si lazima liwe limethibitishwa. Katika maandishi yetu neno hilo ndilo linaloanguka njiani. Tunaandika "ripoti za madhara ya dawa", na muuguzi anayesoma anadhani lazima kwanza awe na hakika. Basi ananyamaza.

Inafaa pia kutenganisha maneno ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Mgonjwa aliyeanguka ngazi wiki ya pili ya matibabu amepatwa na tukio. Huenda dawa ilimletea kizunguzungu, huenda ngazi zilikuwa na maji. Tukio halimtuhumu yeyote. Mtu akianza kushuku kwamba dawa imechangia, hapo ndipo tunapozungumzia madhara yanayoshukiwa. Halafu kuna "maudhi madogo madogo", usemi wa kliniki za Tanzania ambao naupenda kwa upole wake: kichefuchefu, kuumwa kichwa, usingizi. Lakini upole huo una hatari yake, kwa sababu dhara kubwa huweza kuanza likiwa dogo, na mgonjwa aliyeambiwa kwamba maudhi yatapita huona aibu kurudi kusema kwamba hayajapita.

Ripoti yenyewe haidai mambo mengi. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya inatimia ikiwa na vitu vinne: mtoa taarifa anayefahamika, mgonjwa anayetambulika, dawa inayoshukiwa, na dhara linaloshukiwa. Mgonjwa hatajwi jina kamili. Herufi chache za jina, jinsia na umri vinatosha. Mengine yanaongeza uzito: siku dawa ilipoanza, siku ilipoachwa, dalili zilipungua au la baada ya kuachwa, na kwa chanjo namba ya toleo iliyochapwa kwenye pakiti. Nchini Ufaransa ripoti hupokelewa na kituo cha mkoa kilicho ndani ya hospitali ya chuo kikuu, na kazi ya kupima kama dawa ndiyo chanzo hufanywa huko na wataalamu. Aliyeshuku ameshamaliza sehemu yake.

Kwa nini shaka ipewe uzito wote huo? Dawa huingia sokoni ikiwa imejaribiwa kwa watu mia kadhaa au elfu chache. Dhara linalompata mtu mmoja kati ya elfu ishirini ni vigumu lijitokeze humo. Litajitokeza baadaye, kwa mgonjwa mmoja wa mji mmoja, mbele ya daktari ambaye ana kesi hiyo moja tu mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dawa iitwayo Mediator. Kampuni ya Servier ilianza kuiuza Ufaransa mwaka 1976 kwa wagonjwa wenye mafuta mengi katika damu na wenye kisukari na unene, ila wengi waliandikiwa ili wapungue tu. Kiini chake, benfluorex, mwilini huzalisha norfenfluramine, kemikali ileile inayozalishwa na Isoméride na Pondéral, dawa za kukata hamu ya kula ambazo ziliondolewa mwaka 1997 kwa kudhuru mapafu na vali za moyo. Mediator ikabaki. Mwaka 1999 daktari wa moyo wa Marseille, Georges Chiche, alishuku kwamba vali za mgonjwa wake ziliharibiwa na dawa hiyo, akapeleka taarifa kituo cha mkoa. Alifanya kile hasa kinachotakiwa. Dawa iliendelea kuuzwa kwa miaka kumi zaidi.

Mwaka 2007 daktari bingwa wa mapafu Irène Frachon, katika hospitali ya chuo kikuu ya Brest, alimkuta mgonjwa mwenye shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu, naye alikuwa akimeza Mediator. Frachon aliikumbuka Isoméride. Akarudi kwenye mafaili ya hospitali, akatafuta watu ambao vali zao ziliharibika pasipo sababu inayojulikana, akauliza walikuwa wakitumia dawa gani. Baadaye takwimu za bima ya afya ya taifa zikamuunga mkono, na Novemba 2009 mauzo yakasimamishwa. Watu wapatao milioni 5 walikuwa wameshaitumia. Machi 2021 mahakama ya Paris iliitia Servier hatiani kwa udanganyifu na kwa kuua bila kukusudia, na taasisi ya serikali ya kudhibiti dawa nayo ikatozwa faini kwa kuchelewa kuchukua hatua. Inaniuma kuusoma mwaka 2009 pembeni ya mwaka 1999.

Mageuzi yalifuata. Zamani mtaalamu alibanwa kuripoti madhara makubwa au yasiyotarajiwa. Sasa ni yote yanayoshukiwa. Kampuni ina siku 15 kupeleka ripoti ya dhara kubwa katika hifadhidata ya Ulaya, EudraVigilance, na siku 90 kwa lisilo kubwa likitokea ndani ya Umoja wa Ulaya. Dawa zinazohitaji uangalizi wa ziada huwekewa pembetatu nyeusi iliyopinduliwa katika kikaratasi cha maelezo. Na tangu mwaka 2011 mgonjwa wa Ufaransa anaweza kuripoti mwenyewe, pasipo kupitia kwa daktari.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanaoandaa fomu na mabango ya Kiswahili ni dogo. Jina la kazi libaki "ufuatiliaji wa usalama wa dawa". Lakini juu ya fomu yenyewe isiandikwe "taarifa ya madhara ya dawa". Iandikwe "taarifa ya madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa", na chini yake, kwa herufi zinazosomeka: huhitaji kuwa na uhakika.