Iko foleni

Ripoti ya kila siku ya seva ya barua pepe ikiandikwa kwa Kiswahili kwa ofisi za Kasese, naomba neno "imeahirishwa" lisitumike kwa "deferred". Kikao huahirishwa, kwa uamuzi wa mtu. Barua ambayo Postfix, programu ya seva hiyo, imeshindwa kuifikisha kwa muda haijaamuliwa na yeyote: seva huishika, hujaribu tena na tena, na kwa mpangilio wake wa kawaida huirudisha baada ya siku 5. Bwera, malori yanaposubiri kuvuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi, neno lipo: iko foleni. Pflogsumm, inayotoa ripoti hiyo, ni skripti ya Perl. Maneno yake hubadilika kirahisi. "Imerudishwa" ibaki kwa iliyoshindikana kabisa, maana, kwa mfano, muuguzi aliyetuma majibu ya maabara lazima ajue kama angoje au atume upya.