Seva ya Wapangaji: Jinsi Apache, MySQL na PHP Zilivyoishika Wavuti

Historia ya wavuti inaposimuliwa, ushindi wa mfumo-endeshi Linux, seva Apache, hifadhidata MySQL na lugha PHP huelezwa kwa neno moja: bure. Neno hilo lina ukweli, ila halitoshi. Miaka ya 1990 programu za bure zilikuwa tele, na baadhi zilikuwa bora kuliko zilizoshinda. Hifadhidata ya PostgreSQL ilikuwa huru kabisa, na kwa kanuni za fani hiyo iliiacha MySQL mbali. Lugha ya Perl nayo ilikuwa bure, tena ilikwishazoeleka. MySQL yenyewe haikuingia chini ya leseni ya GPL hadi mwaka 2000. Kabla ya hapo leseni yake ilikuwa na masharti, na bado ilikuwa imeenea kila mahali. Inabidi tutafute sababu nyingine. Ninaiona katika jinsi mseto huu ulivyokubali kutumiwa na watu wengi wasiojuana, wasio mafundi, ndani ya mashine moja.

Tuanze na seva. Aprili 30, 1993, maabara ya CERN ilitangaza kwamba programu za wavuti iliyobuniwa na Tim Berners-Lee ni mali ya umma. Mwaka huohuo Rob McCool, wa kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, alitoa seva iliyoenea haraka. Alipoondoka mwaka 1994 kazi ilikosa mwangalizi, na wasimamizi wa tovuti wakawa wanatumiana viraka kwa barua pepe. Mwanzoni mwa 1995 wachache wao, akiwemo Brian Behlendorf, waliviunganisha viraka hivyo na kutoa Apache. Kufikia Aprili 1996 hesabu za kampuni ya Netcraft ziliionesha ikiwa ya kwanza duniani. Nguvu yake ilitokana na umbo alilolibuni Robert Thau: kiini kidogo, na kazi nyingine kufanywa na moduli zinazochomekwa. Zaidi ya hayo, iliweza kuhudumia tovuti nyingi zenye majina tofauti katika mashine moja, na kanuni za HTTP 1.1 za mwaka 1997 zilipokitaka kila kivinjari kitaje jina la tovuti kinayoiomba, anwani moja ya IP ikatosha kwa mamia ya majina. Hapo biashara ya kupangisha nafasi ikawezekana kwa bei ya mtu wa kawaida. Mwenye seva akawa kama mwenye nyumba ya vyumba: paa moja, ua mmoja, kila mpangaji na ufunguo wake.

Wapangaji walitaka kurasa zinazojibu: fomu, kitabu cha wageni, duka. Njia ya kwanza ilikuwa CGI, na lugha yake kuu Perl. Kila ombi lilipofika, seva ilianzisha mchakato mpya, ikaipakia Perl, ikausoma msimbo wote, ikaunganisha na hifadhidata, ikajibu, kisha vyote vikafa. Tena mpangaji ilimbidi ajue mambo yasiyomhusu: ruhusa za faili ziwe 755, mstari wa kwanza utaje mahali Perl ilipo. Akipandisha faili kutoka Windows bila kubadilisha alama za mwisho wa mistari, aliambulia kosa namba 500 lisilo na maelezo. Mwaka 1996 mod_perl ya Doug MacEachern iliondoa uzito huo kwa kuiweka Perl ndani ya Apache, lakini iliruhusu msimbo wa mteja kugusa matumbo ya seva. Kwa kampuni yenye mashine yake hiyo ni neema. Kwa mwenye wapangaji mia ni hatari.

PHP ilikwenda njia nyingine. Rasmus Lerdorf, aliyeitoa hadharani Juni 1995, alianza na zana ndogo za ukurasa wake binafsi. Andi Gutmans na Zeev Suraski, wa chuo cha Technion nchini Israel, waliiandika upya, na mwaka 1998 ikatoka PHP 3. Msimbo ulikaa ndani ya ukurasa wa kawaida wa HTML. Mpangaji alipandisha faili ya .php kwa FTP, basi. Kazi ngumu ilibaki kwa mwenye seva, naye aliifanya mara moja. Aliishusha PHP ikiwa msimbo mtupu, akaendesha ./configure akitaja --with-mysql na --with-apxs, kisha make na make install. Katika httpd.conf akaongeza mstari AddType application/x-httpd-php .php, akaiwasha Apache upya. Mwishowe aliweka faili yenye amri phpinfo() peke yake; jedwali refu la zambarau likitokea, na sehemu ya MySQL ikiwemo, mambo yamekaa sawa. Upande wa MySQL alitoa amri ya GRANT: mtumiaji mmoja, hifadhidata moja, nywila moja. Tangu 1998 phpMyAdmin ya Tobias Ratschiller ilimwezesha mpangaji kujitengenezea majedwali kwa kivinjari tu, asimsumbue mtu.

Mtu ataniuliza: mbona Microsoft nayo ilikuwa na ASP tangu mwisho wa 1996, msimbo ndani ya ukurasa vilevile? Hapa nakubali kwamba bei iliamua. Leseni ya Windows NT kwa kila mashine, na ya SQL Server juu yake, zilimpandishia mwenye nyumba gharama ya kila chumba. Lakini bei haielezi kwa nini Perl na PostgreSQL zilipitwa.

Pingamizi la wataalamu wa hifadhidata ni zito zaidi. MySQL ya miaka hiyo haikuwa na miamala: umeme ukikatika katikati ya kuhamisha fedha, akaunti moja ingepungua na nyingine isiongezeke. Tiba yake, InnoDB, iliingia mwaka 2001, na ikawa chaguo-msingi katika toleo la 5.5 la mwaka 2010. Ila mpangaji wa kawaida hakuendesha benki. Kurasa zake zilisomwa mara nyingi na kuandikwa mara chache, na kwa kusoma MySQL ilikuwa nyepesi mno. PHP nayo ilikuwa na register_globals, iliyogeuza chochote kilichoandikwa kwenye anwani kuwa kigeu ndani ya programu; mgeni akiongeza ?admin=1, huenda akakaribishwa kama mwenyeji. Ilizimwa kwa chaguo-msingi mwaka 2002, ikaondolewa kabisa 2012. Wanaosema kasoro hizi zinaonesha kwamba ushindi ulikuwa wa bahati wanaitazama hoja kinyumenyume. Mfumo wenye matundu ya wazi kiasi hicho usingewapita wapinzani wa bure kama haungekuwa na faida kubwa mahali pengine, na faida hiyo ni kumpokea asiye fundi. Urahisi uliomwingiza ndio uliomwacha wazi kwa wezi, na wavuti ingali inalipa deni hilo.

Ni kweli kwamba Nginx ya Igor Sysoev, iliyotoka 2004, imechukua sehemu kubwa ya kazi ya Apache, na wengi sasa hukodi mashine nzima badala ya chumba. Lakini mantiki ya kupanga haikufa. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi iliyozaliwa Kenya katika vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, ilipogawiwa duniani kama programu huria ilikuwa imeandikwa kwa PHP juu ya MySQL, kwa hiyo shirika dogo liliweza kuisimika kwenye nafasi ya kupanga. WordPress, programu ya kuendeshea blogu na tovuti iliyoanza 2003, hadi leo inamtaka mwenye seva awe na vitu vilevile: PHP, na MySQL au ndugu yake MariaDB.