Kuumbiza Diski

Katika maduka ya kompyuta yaliyopangana kandokando ya barabara ya Namanga, tangu Kitengela hadi Kajiado mjini, neno linalotumika kila siku kwa kazi ya kuitayarisha diski ni "kufomati", na maana yake vinywani mwa mafundi na wateja ni moja tu: kufuta kila kitu. Istilahi iliyozoeleka katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili ni kuumbiza, na jina lake umbizo. Nami nalipendelea neno hili, si kwa mapenzi ya lugha peke yake, bali kwa kuwa linasema kweli ya kazi yenyewe. Asili yake ni kuumba, na jamaa zake ni umbo na maumbile. Muradi wa kazi ni kuipa diski umbo, yaani kuamua jinsi nafasi yake itakavyogawanywa, na jinsi kila kitakachowekwa ndani kitakavyoandikwa katika faharasa ili kipate kuonekana tena. Kufuta ni taathira ya kando tu, na tena pungufu, maana umbizo la haraka huandika faharasa mpya na kuyaacha mengi ya zamani pale pale yalipokuwa.

Anayedhani kuumbiza ni kufuta hubonyeza "sawa" akaenda zake. Anayejua kuwa ni kuumba sharti aulize kwanza ni kitu gani kitakachokaa humo. Chukua mathalani kompyuta ya nyumbani ya kurekodia televisheni. Mtu afanyaye kazi Nairobi na kulala Kitengela, taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja usiku aghalabu humkuta bado yumo katika msongamano wa magari baina ya Mlolongo na Athi River. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, matangazo hutujia kwa mawimbi ya dijiti ya DVB-T2, na king'amuzi, au kompyuta yenye kifaa cha kunasia mawimbi hayo, huweza kuandika kwenye diski data ile ile iliyorushwa. Kwa hiyo diski ya namna hii haikai barua na picha maelfu kwa maelfu. Hukaa faili chache, kubwa mno.

Sasa tazama umbizo la FAT32, la mwaka 1996, ambalo flashi nyingi hutoka nalo dukani. Halikubali faili moja ipite gigabaiti 4. Stesheni ikirusha megabiti 5 kwa sekunde, mpaka huo hufikiwa kwa dakika 114 hivi, kiasi cha mpira mmoja pamoja na mapumziko yake na dakika za majeruhi. Mechi ikiingia muda wa ziada, na programu isijue kuikata rekodi vipande vipande, mikwaju yote ya penalti itabaki nje.

Jambo la pili ni ukubwa wa fungu, nami naliita fungu lile gawio dogo kabisa la nafasi ambalo faili huweza kupewa. Umbizo la NTFS likiachwa lijiamulie, kwa diski za kawaida huchagua fungu la kilobaiti 4. Mkaaji wa Kitengela ameona ardhi ya malisho, iliyokuwa ranchi ya jamii, ikikatwakatwa hata ikawa ploti za futi 50 kwa 100, zinazofaa kwa nyumba moja moja, ilhali kundi la ng'ombe halina pa kupita baina ya nyua. Na rekodi ni kundi. Kipindi cha saa moja kwa kasi niliyoitaja ni gigabaiti 2 na robo, nacho huhitaji mafungu yapata 549,000 ya kilobaiti 4, bali ya kilobaiti 64 yapata 34,000 tu. Hasara ya fungu kubwa ni lile la mwisho kubaki nusu tupu, na hata rekodi 300 zikiwemo, hasara hiyo haizidi sana megabaiti 10.

Kwa watumiaji wa Linux, umbizo la ext4 lina mazoea mawili ya kuangaliwa. Hutenga inodi, yaani kadi ya faharasa ya faili, moja kwa kila kilobaiti 16, na kwa diski ya terabaiti 1 kadi hizo hula gigabaiti 15 hivi, ingawa faili zenyewe hazifiki hata elfu moja. Fauka ya hayo huweka asilimia 5 ya nafasi kuwa akiba ya msimamizi, hadhari njema kwa diski ya mfumo, lakini kwa diski ya rekodi tupu ni saa 22 za vipindi. Akiba huweza kupunguzwa hata baadaye. Wingi wa inodi huamuliwa siku ya kuumbiza. XFS, iliyoundwa na Silicon Graphics ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya faili kubwa, huziunda inodi kadiri zinavyohitajika, na kwa kompyuta ya kurekodia ndiyo niipendayo.

Kisha iko stima, ambayo kwetu hupotea bila taarifa. NTFS, ext4 na XFS huweka shajara, yaani huandika kwanza badiliko la faharasa linalokusudiwa, hata umeme ukikatika katikati ya rekodi, sekunde za mwisho hupotea lakini faharasa husalimika. exFAT imeuondoa ule mpaka wa gigabaiti 4, walakini shajara haina, nami siiamini kwa diski isiyozimwa usiku na mchana.

Ving'amuzi vingi, hata hivyo, haviisomi XFS wala ext4. Kwa hiyo nawasihi mafundi wa Kitengela na Kajiado: mteja akileta diski ya kurekodia, mwulizeni kwanza kama itachomekwa kwenye king'amuzi au kwenye kompyuta, ndipo muiumbize.