Loo, Lahaula na Yoo: Tahajia ya Vihisishi vya Kiswahili Gitega na Muyinga

Mhispania anaposhangilia hutamka *ole*, neno ambalo Real Academia Española, iliyoasisiwa mwaka 1713, huruhusu liandikwe kwa alama ya mkazo au bila alama hiyo. Kwa msomaji wa Kiswahili, herufi hizohizo hutangaza msiba: ole wao! Sadfa hii yachekesha, lakini yaonyesha kwamba kihisishi, ambacho wanasarufi hukitaja mwishoni mwa aina za maneno na kukipita haraka, hakieleweki bila kuijua jamii inayokitamka.

Nchini Burundi vihisishi vya Kiswahili viliingia kwa sikio kabla ya kuingia kwa kitabu. Misafara ya pwani ilifika Ujiji katika karne ya 19, na majeshi ya Rumaliza yalizuiwa na mwami Mwezi Gisabo. Ni utawala wa Kijerumani uliokipandisha Kiswahili milimani, kupitia askari, makarani na wachuuzi waliokusanyika Gitega, kituo kilichoanzishwa mwaka 1912. Lugha yao ilikuja na *lahaula*, *wallahi*, *mashallah* na *kumbe*. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, shule za misheni ziliegemea Kirundi na Kifaransa. Kiswahili, kilichonasibishwa na Uislamu, kikabaki sokoni, msikitini na katika mitaa ya Waswahili.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Urundi haikuwa na kiti. Kwa hiyo maamuzi ya tahajia yaliyoingia katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yalifanywa bila sikio la Gitega wala Muyinga, na athari yake haijaisha.

Muyinga inapakana na Tanzania, na magari ya mizigo hupita Kobero kuelekea Ngara. Hapo Kiswahili hukutana na Kirundi, lugha yenye *yoo* ya huruma na *mbega* inayotangulia swali au mshangao. Urefu wa irabu hutofautisha maana katika Kirundi, lakini maandishi yake ya kawaida hayauonyeshi. Katika Kiswahili *alaa!* ni mshangao, ilhali *ala* ni chombo au uo wa kisu. Mwanafunzi aliyezoea kutouandika urefu ana kila sababu ya kuandika *ala* akikusudia mshangao, na mwalimu ana kila sababu ya kumkosoa. Je, amkosoe pia kwa kuandika *yoo*? Jibu linalofaa ni hapana. *Lahaula* yenyewe ni kipande cha dua ya Kiarabu kilichokatwa na kuzoeleka. Haiwezekani mlango uliokuwa wazi kwa pwani ufungwe kwa bara.

Gumu zaidi ni *inshallah*, inayoonekana katika maandishi ya Kiswahili pia kama *inshaallah* na *insha Allah*. Wahispania walilipokea neno lao la kutamani, *ojalá*, kutoka Kiarabu, wakaliandika kwa kanuni zao hadi wengi wakasahau kwamba lina jina la Mungu ndani yake. Kiswahili hakina uhuru huo. Wasemaji wake wengi wanakijua Kiarabu cha ibada, na baadhi yao hupinga kuyaunganisha maneno hayo kwa hofu ya kupotosha maana. Katika eneo lenye Waislamu kama Muyinga, mwongozo wa tahajia unaotolewa bila kuwasikiliza utaonekana kuwa hukumu juu ya imani.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar inazihudumia nchi wanachama. Kiti kilichokosekana mwaka 1930 sasa kipo. Itafaa wajumbe wa Burundi wafike na orodha ya vihisishi iliyokusanywa Gitega na Muyinga, *yoo* ikiwa na irabu zake mbili, na *inshallah* ikiachwa na tahajia zaidi ya moja hadi wenye neno wakubaliane.