Thamani ya Mtambo Kabla ya Moto

Bima ya moto ilianza na nyumba. Moto wa mwaka 1666 uliteketeza zaidi ya nyumba 13,000 jijini London, na mwanzoni mwa miaka ya 1680 Nicholas Barbon, tabibu aliyegeukia ujenzi, akaanza kuwauzia wenye nyumba kinga dhidi ya moto. Kuthamini nyumba ya matofali hakukumsumbua mtu. Mwashi yeyote alijua bei ya tofali, ya mbao na ya siku ya kibarua, na hali ya jengo ilionekana wazi. Mazoea hayo ya kukadiria kwa macho ndiyo yaliyorithiwa na viwanda, na kuyaacha kulichukua zaidi ya karne mbili.

Mwaka 1746, huko Birmingham, John Roebuck na mshirika wake Samuel Garbett waliacha kutengeneza asidi ya salfuriki katika vyombo vya kioo, wakajenga vyumba vya mabamba ya risasi, madini ya bei nafuu yanayoivumilia asidi hiyo. Kuvumilia si kutoguswa. Sasa mtaji mkubwa uliwekwa katika chombo ambacho kazi yake yenyewe ilikuwa inakila. Kila siku ya uzalishaji ililipunguza bamba unene, na aliyesimama nje hakuona badiliko lolote. Moto ulipozuka, mambo yalizidi kuwa magumu. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo paa la mbao linaloungua hulipita kwa mbali, hivyo chumba kizima kiliweza kubaki dimbwi lililoganda sakafuni. Lakini dimbwi hilo bado lilikuwa mali, kwa kuwa risasi huuzwa kwa uzito. Gharama ya kujenga upya, uchakavu uliofichika, na bei ya mabaki: mambo matatu yanayobishaniwa katika madai ya leo yalikuwapo tangu enzi hizo za risasi.

Karne ya 19 iliongeza jambo la nne, kupitwa na wakati, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Nicolas Leblanc, daktari Mfaransa, alipata hataza mwaka 1791 ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Viwanda vya sabuni, kioo na nguo vilikuwa na kiu ya magadi, na njia yake ikajaza tanuru na minara katika miji ya Kiingereza kama St Helens na Widnes. Ilitoa gesi ya asidi ya hidrokloriki iliyounguza mimea ya majirani, hadi Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Alkali mwaka 1863 na kuwaagiza wenye viwanda wainase asilimia 95 ya gesi hiyo. Wakati huohuo, mwaka 1861, Mbelgiji Ernest Solvay aligundua njia nyingine, ya amonia, iliyo safi zaidi na nafuu zaidi. John Brunner na Ludwig Mond wakaileta Uingereza mwaka 1873. Tanuru za Leblanc hazikuungua wala kupasuka. Zilisimama palepale, na pengine zilikuwa zimekarabatiwa vizuri, lakini thamani yake ilikuwa inavuja kila mwaka kwa sababu ya kiwanda kilichojengwa wilaya nyingine. Mwaka 1890 wenye tanuru hizo waliungana kuunda United Alkali Company, kampuni yenye mtaji wa zaidi ya pauni milioni nane, na kwa miaka mingi ikabeba mitambo ambayo hesabu za vitabuni ziliipa bei ambayo soko lilikwisha kuikataa. Tanuru kama hiyo ikiteketea, mwenyewe analipwa nini? Akilipwa gharama ya kuijenga upya, moto umemtajirisha.

Sheria ilijibu sehemu ya swali hilo mwaka 1883, katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston. Wenye nyumba walilipwa na bima baada ya moto, kisha mnunuzi ambaye tayari walikuwa na mkataba naye akawalipa bei kamili ya nyumba. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba bima humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya janga, isimwache chini ya hapo wala kumpandisha juu yake, na fedha zikarudishwa kwa kampuni ya bima. Kanuni hiyo inatawala mpaka leo. Hata hivyo, ilimtwika mthamini mzigo mpya wa kueleza kwa ushahidi hali ya kitu ambacho hakipo tena.

Mzigo huo ulionekana uzito wake tarehe 21 Septemba 1921. Huko Oppau, Ujerumani, katika kiwanda cha BASF ambako amonia ya sanisi ilianza kutengenezwa kibiashara mwaka 1913, wafanyakazi walitumia baruti kulegeza rundo la mbolea lililogandamana ghalani, kama walivyofanya mara nyingi kabla. Safari hii rundo lenyewe lililipuka. Zaidi ya watu 500 walikufa, na mahali pa ghala pakabaki shimo lenye kina cha karibu mita 19. Penye shimo kama hilo hakuna bamba la kupima wala bomba la kukagua, na madai husimama juu ya michoro, hati za manunuzi na daftari za matengenezo, kama navyo havikuungua pamoja na ofisi.

Mwaka 1928 Mahakama ya Rufaa ya New York ilitoa hukumu katika kesi ya McAnarney, iliyohusu majengo ya kutengenezea kimea yaliyoungua baada ya Marekani kupiga marufuku pombe. Wenye mali walitaka gharama ya kuyajenga upya ikipunguzwa uchakavu tu, ilhali wenyewe walikuwa wametafuta mnunuzi kwa bei ndogo sana. Mahakama ilikataa kufungwa na kipimo kimoja. Ilisema kila ushahidi unaoangazia thamani halisi upokelewe, ikiwemo kupitwa na wakati. Swali la tanuru za Leblanc hatimaye lilikuwa limepata mlango wa kuingilia mahakamani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wahandisi waliwapa wathamini hesabu. Mwaka 1947 Hans Lang alionyesha kwamba mtambo wa kusindika vimiminika hugharimu karibu mara 4.7 ya bei ya vyombo vyenyewe. Tofauti yote ni misingi, mabomba, nyaya, vipimio na kazi ya watu. Mwaka huohuo Roger Williams alieleza kanuni ya sita kwa kumi: chombo kikiongezwa ukubwa maradufu, bei hupanda kama mara moja na nusu tu. Mwaka 1963 jarida la Chemical Engineering likaanza kutoa kielezo cha gharama za mitambo, kikiipa miaka 1957 hadi 1959 thamani ya 100, na bei ya zamani ikaweza kuletwa katika fedha ya leo.

Hesabu hizo hazikuona ndani ya chuma. Huko Flixborough, Uingereza, mwezi Machi 1974, tangi namba 5 la kiwanda cha Nypro lilikutwa na ufa. Maji ya kupozea yaliyokuwa yakimwagiwa tangi hilo yalikuwa na naitreti, na naitreti ikakipasua chuma kilichokuwa na mkazo. Tangi liliondolewa, bomba la muda likaunganisha la nne na la sita, na tarehe 1 Juni bomba hilo likaachia. Watu 28 walikufa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia magadi yaleyale. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 kuchimba ziwani Magadi, Kenya, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa mikononi mwa Brunner Mond. Nchini Tanzania, biashara yote ya bima ilikabidhiwa Shirika la Bima la Taifa mwaka 1967. Mitambo ya viwanda ilinunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni na kuandikwa vitabuni kwa shilingi. Shilingi ilipoanza kushushwa kwa kasi mwaka 1986, takwimu hizo za vitabuni hazikuweza tena kununua hata sehemu ya mtambo uleule. Mpaka leo, mthamini wa Tanga au Mombasa asiyehesabu nauli ya meli, ushuru na mafundi wa kuja kufunga mtambo huwa amethamini nusu ya mali.

Tangu mwaka 2000 kuna mwongozo wa Kimarekani, API 579, wenye sehemu nzima kuhusu vyombo vilivyopitiwa na moto. Mthamini anausoma moto kwa vilivyoyeyuka: zinki huyeyuka kwa nyuzi 419, alumini 660, shaba 1,085, na kutokana na hivyo anachora ramani ya joto kabla ya kugusa tangi lolote. Hupima unene wa kuta kwa mawimbi ya sauti na ugumu wa chuma kwa kifaa cha mkononi. Hatari anayoihofia zaidi ni moshi. Nyaya zenye ganda la PVC zikiungua hutoa asidi ya hidrokloriki, nayo hutua juu ya chuma cha pua kilicho mbali na ndimi za moto, ikaanza kukitoboa ndani ya siku chache huku watu wakibishana ofisini. Chombo kinachong'aa kinaweza kuwa tayari ni hasara, na kilichofunikwa masizi kikawa kizima. Ndiyo maana naamini dai lolote lililolipwa kwa kutazama picha tu limemwonea mmoja wa pande mbili.

Kielezo cha mwaka 1963 bado kinatolewa. Wastani wake ulikuwa 596.2 mwaka 2020 na 816.0 mwaka 2022, ongezeko la zaidi ya theluthi ndani ya miaka miwili. Kiwanda kilichobaki na bima ya dola milioni 73 wakati kukirejesha kunahitaji milioni 100 kina bima pungufu, na mikataba mingi ina sharti la uwiano: hasara ya milioni 20 italipwa milioni 14.6, na zilizobaki ni za mwenye kiwanda, hata kama hakukosa kulipa ada mwaka wowote.