Mpaka wa Ruvuma na Majina ya Vinyago vya Kimakonde

Mnamo 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuwa mto Ruvuma uwe mpaka wa makoloni yao, nao Wamakonde wakajikuta pande zote mbili. Mto wenyewe haukuwazuia watu. Kodi na kazi ya shokoa upande wa Wareno viliwasukuma wengi kaskazini, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baadhi wakafika hadi Kwale nchini Kenya. Walivuka na tezo zao.

Wahakiki kadhaa wameziita kazi za wachongaji hao sanaa ya jadi. Dai hilo halina mashiko. Jadi ya Wamakonde ilikuwa hasa mapiko, vinyago vya mti mwepesi vilivyovaliwa kichwani katika ngoma za jando. Kinyago cha mpingo, kizito na kisichovalika, kilistawi sokoni, hasa Dar es Salaam ya miaka ya 1950, ambako mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi za Samaki Likankoa na wenzake. Mtindo wa Samaki ukajulikana kwa jina la shetani, neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Nao mnara wa watu waliopandana, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, ulitangulia Azimio la Arusha la 1967. Lakini ni mnunuzi gani leo aujuaye kwa jina jingine ila ujamaa? Mchongaji alichonga, soko na siasa vikabatiza.

Si haki, hata hivyo, kumfanya mchongaji mtu wa kuonewa tu. Kiswahili kilimpa wanunuzi ambao Kimakonde kisingewafikia. Tatizo ni kwamba jina hilo hilo lilifunika historia ya kuvuka. Mwaka 1989 John Fundi wa Msumbiji alishirikishwa katika maonyesho ya Paris yaliyoitwa Magiciens de la terre, yaani waganga wa dunia. Uganga! Fundi alikuwa mchongaji.

Nchini Kenya suala hili halikuwa la uhakiki peke yake. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, waliokaa miongo mingi bila uraia, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kudai vitambulisho, ndipo serikali ikawatambua kuwa kabila la 43. Wakati huo vinyago vyenye jina lao vilikuwa vimekwisha kuuzwa kwa watalii kwa miaka mingi.