Sauti Itokayo Kilindini

Wazee wa Mombasa waliipa bandari yao kubwa jina la Kilindini, maana yake mahali penye maji ya kina kirefu. Zamani baharia alikipima kina kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kamba. Aliitupa majini mpaka ikagusa chini, kisha akaihesabu kamba kwa pima. Kwa nahodha aliyetaka kujua kama chombo chake kitapita salama, ala hiyo ilitosha. Walakini bildi humwambia mtu jambo moja tu, nalo ni umbali wa kutoka juu mpaka chini. Haimwambii maji yaliyo katikati yanakwenda wapi, wala kwa mwendo gani, wala kama ni ya baridi au ya vuguvugu.

Mikondo ya juu ya bahari watu wa pwani yetu waliijua tangu kale, kwa kuwa walisafiri nayo. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi iliposhika, yakarudi. Bali habari za kilindi hazikujulikana. Hata katikati ya karne ya 20 wataalamu wengi walidhani kwamba maji ya huko chini yamelala, au yanajivuta polepole mno. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Insha hii yaeleza jinsi mshindo wa kilindi ulivyopata kusikiwa, na jinsi kazi hiyo ilivyomtegemea mtu ambaye jina lake halitajwi mara nyingi, naye ni mhandisi wa elektroniki.

Kwanza yafaa tuone shida iliyomkabili. Mtambo wa umeme ukitiwa baharini huzungukwa na maadui watatu. Adui wa kwanza ni uzito wa maji. Kila meta 10 za kushuka huongeza mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo penye meta 2,000 chombo hubanwa kiasi cha mara 200 kuliko kinavyobanwa juu ya nchi. Adui wa pili ni chumvi, ambayo hula chuma na kupitisha umeme, hata tone moja likipenya penye nyaya huweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Wa tatu ni ukimya wenyewe. Mawimbi ya redio hayaendi mbali katika maji ya chumvi, wala mwanga haufiki mbali. Kisafiricho vyema humo ni sauti, ambayo huenda karibu meta 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Basi atakaye habari za kilindi sharti atengeneze kitu kisichopondeka, kisichovuja, na chenye kujua kupiga kelele.

Kitu hicho kilitengenezwa mwaka 1955 na John Swallow, mwanafizikia wa Kiingereza. Alichukua mabomba ya aluminiamu ya aina ile ambayo wajenzi huifanyia majukwaa ya kusimama wanapojenga nyumba ndefu. Alitaka mabomba hayo yasielee juu wala yasizame mpaka sakafuni, bali yasimame katikati ya maji. Je, jambo hilo lawezekanaje? Maji ya bahari hubanika kidogo kadiri yanavyokuwa chini, na kwa hiyo huzidi kuwa mazito. Bomba gumu hubanika pungufu ya maji. Likishuka hukuta maji yanazidi kuwa mazito kulishinda yale ya juu, mpaka hufika mahali ambapo haliwezi kushuka tena wala kupanda, nalo hutulia hapo na kuchukuliwa na mkondo. Kwa kuwa mabomba yale yalikuwa mazito mno, Swallow aliyatia katika dawa kali ya magadi, ambayo ilizila kuta zake kidogo kidogo mpaka zikawa na wembamba alioutaka. Ndani yake akaweka betri na mtambo mdogo wa kutoa mlio kila baada ya sekunde chache. Meli ilikifuata chelezo hicho juu ya maji, ikiusikiliza mlio kwa masikio ya umeme yaliyoteremshwa baharini.

Mwaka 1957 vyelezo hivyo vilipewa mtihani mkubwa. Mtaalamu wa Marekani, Henry Stommel, alikuwa amekata shauri kwa hesabu tu kwamba chini ya mkondo mkubwa wa Ghuba, ambao hukimbilia kaskazini karibu na pwani ya Marekani, hapana budi pawe na mkondo mwingine uendao kusini. Hakuna aliyepata kuuona. Swallow na mwenzake wa Marekani, Valentine Worthington, walikwenda huko na meli mbili, wakateremsha vyelezo kupita meta 2,000. Milio ikasikika ikielekea kusini, kama hesabu ilivyosema.

Miaka miwili baadaye bahari iliwafundisha adabu wataalamu wale. Mwaka 1959 na 1960 Swallow alitumia mashua ya matanga iitwayo Aries karibu na kisiwa cha Bermuda, akitumaini kuona maji ya chini yakijivuta taratibu upande mmoja. La, hayakufanya hivyo. Vyelezo vilikwenda kasi kiasi cha mara kumi ya mwendo uliotazamiwa, tena kimoja huku na kingine kule. Ndipo ilipoanza kujulikana kwamba kilindi hakikulala, bali kimejaa vizingia vikubwa vya maji, vinavyozunguka mithili ya pepo za chamchela, ila kwa polepole zaidi.

Swallow alifika na katika bahari yetu. Tangu 1959 hata 1965 mataifa mengi yalishirikiana katika uchunguzi mkubwa wa Bahari ya Hindi, na mwaka 1964, wakati wa kusi, yeye na wenziwe walikuwa katika meli ya Discovery mbele ya pwani ya Somalia. Waliupima mkondo wa huko wakaona maji ya juu yakipita mwendo wa meta 3 kwa sekunde, kasi ambayo ni mikondo michache tu duniani inayoifikia. Mkondo huo hugeuka pamoja na pepo, wakati wa kaskazi ukaelekea kusini, na wakati wa kusi ukakimbilia kaskazini. Manahodha wa Lamu walilijua jambo hilo kwa uzoefu. Sasa lilipewa hesabu.

Hata hivyo chelezo cha Swallow kilikuwa na upungufu. Mlio wake haukwenda mbali, basi sharti meli ikifuate usiku na mchana, na meli ni ghali. Upungufu huo ulishughulikiwa na mhandisi wa umeme aliyetoka Kanada, Doug Webb, katika taasisi ya Woods Hole huko Marekani, akishirikiana na mtaalamu wa bahari Tom Rossby. Wao walitumia siri ya bahari yenyewe. Sauti hupunguza mwendo katika maji ya baridi, na huongeza mwendo palipo na mgandamizo mkubwa. Kwa sababu hiyo, katika bahari nyingi za joto, kiasi cha meta 1,000 chini, kuna tabaka ambamo sauti huenda polepole kuliko juu na chini yake. Sauti ikitolewa humo hupindwa na kurudishwa katikati kila inapotaka kutoka, ikasafiri kama maji katika mfereji. Webb alitengeneza vyelezo vikubwa vyenye sauti nzito, vikasikiwa umbali wa kilometa elfu na zaidi na vinasa sauti vilivyowekwa mahali pamoja. Tangu hapo meli haikuhitaji tena kukifuata kila chelezo.

Baadaye Webb alishirikiana na Russ Davis wa taasisi ya Scripps kutengeneza chelezo kijuacho kupanda na kushuka chenyewe. Samaki wengi wana kifuko cha hewa ndani yao, nacho huwasaidia kuelea. Chelezo hiki hutumia mafuta badala ya hewa. Pampu ndogo huyasukuma mafuta kutoka ndani na kuyatia katika kifuko cha nje. Uzito wa chombo haubadiliki, lakini ukubwa wake huongezeka, nacho hupanda. Kikifika juu hupeleka habari zake kwa redio mpaka kwenye setilaiti, kisha huyarudisha mafuta ndani na kuzama tena. Kazi hiyo yote hufanywa kwa betri isiyoweza kubadilishwa, na kila cheche ya umeme inayopotezwa bure hufupisha maisha ya chombo.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mpango wa mataifa mengi uitwao Argo, ulioanza kutupa vyelezo mnamo mwaka 2000. Kufikia 2007 vilitimia 3,000. Kwa kawaida kila kimoja hukaa meta 1,000 chini, na kila siku 10 hushuka hadi meta 2,000, kisha hupanda huku kikipima joto na chumvi. Habari zake hutolewa bure kwa watu wote, na mwanafunzi wa Malindi aweza kuzisoma sawasawa na profesa wa London.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Mwaka 2006 Josh Willis na wenziwe wawili wa Marekani walitangaza kwamba tabaka la juu la bahari lilikuwa limepoa kati ya 2003 na 2005. Habari hiyo ilishangaza, maana dunia ilikuwa ikizidi joto, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za joto hilo huingia baharini. Wako waliofurahi. Lakini setilaiti zilionyesha kwamba uso wa bahari bado unapanda, na hesabu hazikulingana. Willis hakuitetea kauli yake kwa ukaidi. Alirudi akachambua chelezo kimoja kimoja, akagundua kwamba vyelezo vichache vilikuwa na kasoro, vikihesabu joto la kina kimoja kuwa ni la kina kingine, hata bahari ikaonekana baridi kuliko ilivyo. Tena vipimo vingine vya namna ya zamani, vitupwavyo kutoka melini, vilikuwa vimeonyesha joto kupita kiasi. Makosa hayo mawili yakiwekwa pamoja yalizua baridi isiyokuwako. Mwaka 2007 yeye na wenziwe walisahihisha kauli yao mbele ya ulimwengu.

Kosa dogo katika ala lilikaribia kuwadanganya watu juu ya jambo linalohusu chakula chao. Sisi wa Afrika Mashariki twalijua jambo hilo kwa maumivu, kwa sababu maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, mwaka 1997 na tena 2019, mvua za vuli zilizidi kipimo, mito ikafurika, na watu wakapoteza maisha na mali. Atabirie mvua hutegemea vipimo vya bahari, na vipimo hutegemea ala.

Kwa hiyo mhandisi mkuu wa elektroniki katika kazi ya bahari ana dhima nzito. Hawezi kushuka kilindini kuhakikisha kama chombo chake kinasema kweli. Sharti akihoji kabla hakijaondoka: akitie katika pipa la chuma na kukibana kwa maji, akipashe baridi, akilinganishe na kipimo kingine kinachoaminika, akague duara la mpira lizuialo maji, maana unywele mmoja ukinasa hapo waweza kuzamisha kazi yote. Vijana walio chini yake huangalia kama atakubali chombo kilicho karibu sawa ili meli isicheleweshwe. Akikubali mara moja, nao watakubali.

Leo Mombasa ina taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, nayo imepata meli iliyotoka Ubelgiji, ikaitwa Mtafiti. Kazi ya namna hii imekwisha fika mlangoni petu. Yamkini miongoni mwenu mnaosoma insha hii yuko ambaye jioni hufungua redio mbovu ya jirani ili aone waya uliokatika. Mwanzo wa kazi ni huko. Wahenga walisema kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na mpiga bildi mwaminifu, alipokuwa na shaka na kamba yake, hakuona haya kuitupa tena.